Mkanda wa Mashine ya Nyasi

Jumatatu, 16 Mei 1983

Mvua zimekatika kweli sasa. Jua la leo la kuanika mihogo. Na nyasi za Mnazi Mmoja zimefika magotini! Nimezipita asubuhi nikienda sokoni, mle kuna mbuzi wa mtu wanaonekana masikio tu.

Mwanangu Tarsis karudi kutoka kazini na habari. Sijui nifurahi, sijui niogope. Ndugu Bushiri, msimamizi wao pale Mnazi Mmoja, kamwita peke yake. Kuna trekta dogo la kukatia nyasi limelala bandani tangu mwaka juzi. Kamwambia alitengeneze. Siku ya Saba Saba wakubwa watakuja pale uwanjani na kiwanja kinatakiwa kiwe kama zulia. Mafyekeo hayaiwezi kazi hiyo. Trekta likikata kabla ya Saba Saba, Tarsis anaandikwa kazi ya kudumu. Anapata kitambulisho. Ukibarua basi.

Kitambulisho! Nimelisikia neno hilo moja tu, mengine yote yamenipita. Malori yanazoa vijana hapa Kariakoo kila mara. Usipokuwa na kitambulisho cha kazi wewe ni mzururaji, unapelekwa kulima mahali mama yako hapajui. Kijana wa nyumba ya pili alitoka kununua kiberiti. Mpaka leo. Na wangu huyu, tangu baba yake afariki, ndiye mwanamume wa nyumba hii, na mkononi ana fyekeo. Fyekeo si kitambulisho.

Nikamuuliza vipuri atavipata wapi. Eti Bushiri kasema, fanya unavyojua.

Neno hilo silipendi. Mkubwa akikwambia fanya unavyojua, ujue yeye hataki kujua.

Jumatano, 18 Mei

Leo nimempelekea chakula ili nilione kwa macho yangu. Liko kwenye banda nyuma ya uwanja, limefunikwa magunia. Dogo! Mimi nilidhani trekta ni trekta, kama yale ya mashamba ya mkonge. Hili ni kama gari la kuchezea la mtoto wa waziri. Kiti kimoja, usukani, injini mbele, na tumboni kama sinia kubwa lililogeuzwa. Humo ndimo visu vinazunguka. Lililetwa na wafadhili wa Ulaya, likakata misimu miwili, likafa.

Panya wamezaa ndani ya kiti. Tarsis kawatoa mmoja mmoja kwa mkia, kawaweka nje kwenye nyasi. Nikamuuliza, panya nao unawahurumia? Kanijibu, "Mama, nao walikuwa wapangaji tu."

Nimemsimulia Bi Kuruthumu, mwenye nyumba wetu, kacheka mpaka kanga ikamfunguka. Kasema afadhali yule wa trekta, wapangaji wake walikuwa kimya. Wa kwake wanaanika mihogo mpaka mlangoni pa choo. Yaani mimi.

Ijumaa, 20 Mei

Nyumba nzima inanuka mafuta ya taa. Tarsis kalifungua lile dude linalochanganya petroli na hewa, kabureta wanaita, kaja nalo nyumbani ndani ya kikapu changu cha mihogo. Akiliacha bandani wataliiba. Petroli ya mwaka juzi imegandia mle kama asali iliyochacha. Kaniomba mafuta ya taa ya kulisafishia.

Mafuta yenyewe niliyapangia foleni tangu alfajiri, ya kupikia wiki nzima. Nimempa. Ningefanyaje?

Tumekaa uani, yeye anazibua vijitundu kwa waya, mimi nasugua kwa mswaki mkuukuu. Kanionyesha, mama, linyanyue juani, ukiona mwanga upande wa pili petroli itapita. Nimelinyanyua nikaona mwanga. Nimefurahi kama mjinga.

Jioni tumetafuna mihogo mibichi na nazi. Sikuwa na cha kuwashia jiko.

Jumapili, 22 Mei

Pentekoste. Nimekwenda kanisani na kucha nyeusi. Sabuni hakuna, ovaroli ya Tarsis nimeifua kwa majivu na majani ya mpapai, uchafu haukutoka ila mikono yangu imechubuka. Padre kahubiri habari ya ndimi za moto. Wengine waliomba neema. Mimi niliomba betri. Sioni haya. Mungu mwenyewe anajua hali ya nchi.

Alhamisi, 26 Mei

Limewaka!

Betri Tarsis kaichajisha kwa fundi wa Msimbazi, kalipa kwa kumfagilia gereji. Visu kavinoa kwa tupa mpaka vinakata unywele. Plagi kaichoma moto, kaisugua. Injini ilikohoa, ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, halafu ikashika. Kaniambia alilia kidogo. Nikamwambia usimwambie mtu.

Halafu akavuta ule mkono wa kuzungushia visu, mkanda ukakatika vipande vitatu. Ulikuwa umeoza. Mkanda wa mpira, wa kutoka kwenye injini kwenda kwenye visu. Pasipo huo, trekta linatembea tu. Halikati hata jani.

Jumanne, 31 Mei

Nimezunguka mimi mwenyewe na kipande kimoja nimekifunga kwenye upindo wa kanga. Tarsis hawezi kutoka kazini. Nimeuza mihogo asubuhi, mchana nimetembea. Mitaa ya Mkunguni, Tandamti, Swahili, Sikukuu. Maduka nusu yamefungwa tangu msako wa walanguzi uanze. Yaliyo wazi yana nini? Vibao vitupu, na mtu kakaa katikati kama analinda maiti. Bwana mmoja kakishika kile kipande, kakigeuza, kakinusa hata. Akanirudishia. Kasema, "Mama, hata ningekuwa nao, nisingekuwa nao."

Nimekwenda mpaka karibu na bandarini, wapakuaji wamesema mikanda ya aina ile haijashuka melini siku nyingi. Miguu imevimba. Tarsis kanikanda kwa maji ya chumvi. Hakuuliza, kaniangalia uso akajua.

Jumamosi, 4 Juni

Fundi viatu wa pembeni mwa soko, yule anayeshona makubazi ya tairi, kamshonea Tarsis mkanda. Kakata mpira wa ndani wa lori, kaukunja, kaupiga uzi wa katani. Kazi ya watu! Ulizunguka kwa muda wa Salamu Maria moja. Halafu ukaanza kutoa moshi, ukaruka, ukamchapa Tarsis mguuni. Ana alama nyekundu kama ya bakora.

Bi Kuruthumu kamtania, kamwambia hilo trekta limesoma shule ya misheni, linachapa. Tarsis kacheka. Mimi sikuweza.

Jumatatu, 6 Juni

Bushiri kasema haoni nyasi zikipungua. Kasema vibarua watapunguzwa mwisho wa mwezi, atakayebaki ni yule mwenye faida. Kasema hivyo huku anakunywa chai ya maziwa ofisini na Tarsis kasimama.

Mwanangu hakula usiku. Kasema akipunguzwa hatakaa nyumbani kusubiri lori, atarudi Rombo kwa miguu. Rombo atafikia wapi? Kihamba cha baba yake, shamba letu la ukoo, kimeliwa.

Nimekiandika, basi nikimalize. Aliyekila ni Marcelino. Yuko hapa hapa Kariakoo, mtaa wa nyuma. Baba zao ndugu, yeye na mume wangu Gaudens, kwa hiyo ni shemeji yangu. Alihamisha masale, ile mimea tunayopandia mpaka, wakati Gaudens yuko mgonjwa. Migomba yetu na kahawa yetu ikawa upande wake. Gaudens akafa na jambo hilo moyoni, na siku ya mazishi Marcelino hakutokea. Tangu hapo hatusalimiani. Nikimwona navuka barabara.

Na Marcelino alikuwa anauza vipuri. Sasa dukani kaweka mafagio na vyungu. Lakini kila mtu anajua mfanyabiashara hamwagi mali yake. Anaificha.

Jumatano, 8 Juni

Siku nzima nalitazama lile isale langu. Nimelipanda kwenye debe pale uani, nililitoa nyumbani mwaka niliokuja mjini. Bi Kuruthumu huanikia vitambaa vyake juu yake, hajui ni kitu gani.

Kwetu mtu akikukosea akaja na jani la isale mkononi, humrudishi. Hata kama kakuulia ng'ombe. Ukilipokea yameisha, mmekuwa ndugu, na lililosemwa chini ya isale halitoki nje ya watu hao wawili.

Lakini aliyekosa ni yeye! Ndiye wa kuniletea mimi. Akatae nani kuwa mimi ndiye niliyekosewa? Leo niende mimi, mjane, nimwombe msamaha mtu aliyenila?

Nimemwambia Bi Kuruthumu maana ya jani. Kasema, "Nyie Wachaga bwana. Hata majani yenu yana kazi, hayakai bure." Halafu akasema kwa upole kwamba angekuwa yeye, kwa mtoto wake, angepeleka mti mzima.

Alhamisi, 9 Juni

Nimekwenda.

Nilivaa kitenge changu cha kanisani. Jani nimelifunga fundo, nimeliweka chini ya kanga. Duka lilikuwa tupu, Marcelino yuko nyuma ya meza anapanga mafagio yaliyokwisha pangwa. Kazeeka. Nywele nyeupe. Aliponiona kasimama, kama mtu anayengoja kutukanwa.

Nilimwekea jani mbele, juu ya meza.

Alilitazama muda mrefu. Halafu akalichukua kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akasema, "Shemeji, hili lilikuwa langu kulileta."

Nikasema, najua.

Akafunga mlango nusu. Nikamweleza habari ya Tarsis, nikampa kile kipande. Alikipima kwa shibiri, akaenda chumba cha nyuma, nikasikia vyungu vinasogezwa na kitu kinafukuliwa. Niligeuza uso ukutani ili nisione. Mkanda alioutoa ni mpya, mweusi, bado una ule unga mweupe wa kiwandani. Nikafungua pindo la kanga nimpe fedha. Akaushika mkono wangu, akaufumba.

"La isale halilipiwi. Toka kama ulivyoingia. Na mimi nauza mafagio."

Mkewe Hyasinta alikuwa amesimama kwenye pazia. Aliniangalia tu.

Njiani nimetembea na mkanda kiunoni chini ya nguo. Nifurahie nini? Kihamba hajakirudisha. Lakini kwa mara ya kwanza tangu mazishi nimeitwa shemeji.

Tarsis kauliza, mama umetoa wapi? Nikasema kwa ndugu. Hakuuliza tena.

Ijumaa, 10 Juni

Linakata! Nimesimama kando ya barabara na sinia la mihogo kichwani, namwangalia. Anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, nyuma yake panabaki mstari kama nywele zilizochanwa. Harufu ya nyasi mbichi mpaka sokoni. Watu wanasimama. Mzee mmoja kaniuliza, yule dereva ni nani? Nikasema ni wangu.

Jumanne, 21 Juni

Kiwanja kimekuwa kizuri mpaka watu wanaogopa kukikanyaga. Kitambulisho bado. Bushiri kasema baada ya Saba Saba, asimharakishe. Anawaonyesha wageni, "nimelifufua trekta." Nimelifufua! Mikono yake haina hata alama ya grisi.

Tarsis kasema, mama acha, mwenye kujua anajua. Ndilo kosa lake, huyu mtoto. Anadhani wenye kujua wana faida.

Jumatatu, 27 Juni

Wamemchukua.

Nitaandika kwa mpango. Asubuhi walikuja wakubwa kukagua uwanja, na askari wa msako walikuwa pamoja nao. Waliusifu. Wakashuka kwenye gari kulitazama trekta. Mmoja akainama akauona mkanda. Akauliza ni mpya huu? Kasema nchi nzima hakuna mkanda wa namna ile, magari ya wagonjwa yenyewe yamelala kwa kukosa vitu hivyo. Umetoka wapi?

Bushiri alikuwa anapokea sifa mpaka dakika ile. Akarudi nyuma hatua moja. Akasema, muulizeni kijana.

Tarsis akasema kauokota.

Walicheka. Kauokota, na maandishi ya kiwandani bado yanasomeka! Wakampandisha gari. Wenzake ndio walionikimbilia sokoni. Nimeacha mihogo ikiungua.

Jumanne, 28 Juni

Nimekwenda kwanza kwa Bushiri. Hakunikaribisha kiti. Kasema, "Mama, nilimwambia atengeneze. Sikumwambia alangue." Nikamwambia ulisema fanya unavyojua. Kasema ndiyo, na ameona alivyojua.

Nilisahau kutukana. Nimefika nyumbani ndipo maneno yakaja, yote, mazuri mazuri. Nimemtukania Bi Kuruthumu, akawa anaitikia.

Jumatano, 29 Juni

Nimefika kituoni na chakula. Wamekipokea, Tarsis sikumwona. Nikaomba kuonana na mkubwa. Kijana wa miaka ya Tarsis, alinipa shikamoo vizuri tu. Nikamwambia mwanangu hana kosa, mkanda ni mimi niliuleta.

Akafurahi, akavuta kalamu. Mama uliununua kwa nani?

Sikununua. Nilipewa.

Kwa bei gani?

Bure.

Akaiweka kalamu chini. Akanieleza taratibu, kama mimi ndiye mtoto. Kasema mtu anayeuza kwa bei ya kuruka ni mlanguzi. Lakini mtu anayetoa bure kitu kisichopatikana nchi nzima, huyo anacho kingi. Huyo ndiye wanayemtafuta.

Ningejua ningemlazimisha Marcelino achukue fedha! Mungu wangu, ile heshima aliyonipa ndiyo inayomfunga yeye mwenyewe. Nimejaribu kumweleza yule askari, kwetu kuna jani, mtu akikuletea... Kaangalia mwenzake. Mwenzake kasema kwao Bukoba hakuna.

Kasema nilete jina. Tarsis ataachiwa siku hiyo hiyo, yeye wanamwona ni mtumiaji tu. Nisipoleta, faili litapandishwa baada ya sikukuu na atahesabiwa yeye ndiye mhujumu uchumi.

Ijumaa, 1 Julai

Nilikwenda kwa Marcelino, sikwenda kumtaja, nilikwenda tu anisaidie kufikiri. Duka limefungwa. Nikazunguka uani, nikamkuta Hyasinta anachambua mchele. Kasema mumewe kasafiri. Wapi? Kasafiri.

Nikakaa kwenye ngazi. Nikamwambia, mke mwenzangu wa ukoo, mwanangu yuko ndani.

Hakuacha kuchambua. Kasema watoto wa kwake ni watano na wote wadogo. Kasema msako wa mwezi wa nne ulipita mlango huu ukaingia wa jirani, baba wa nyumba hiyo bado hajarudi, na watoto wake sasa wanaomba maji kwa watu.

Halafu akainua macho. "Mama Tarsis, sisi hatukukuita. Jani ulilileta wewe."

Hilo ni kweli, na sina pa kulitupa.

Jumapili, 3 Julai

Nimeshindwa kupokea Komunyo. Nilibaki kwenye benchi. Nitapokeaje na moyoni nimekwisha mtaja mtu mara mia?

Nimemtaja nikichota maji. Nimemtaja nikimenya mihogo. Nasema nafsini, alimlia mume wangu kihamba, na leo mwanangu alale ndani kwa ajili yake! Ana haki gani? Halafu nakumbuka mikono yake miwili ilivyolishika lile jani. Angeweza kusema hana. Wote walisema hawana.

Leo wameniruhusu kumwona Tarsis, kwa sababu ni Jumapili na yule kijana wa shikamoo alikuwa zamu. Kakonda. Midomo imepasuka. Kauliza kwanza trekta. Kauliza nani analiendesha, anajua kwamba likipata moto lazima lipumzishwe? Nikasema sijui. Ukweli nimeliona. Analiendesha mpwa wa Bushiri. Mkanda ni ule ule! Mwanangu wamemfunga kwa ajili ya mkanda na mkanda wenyewe hawakuuvua, uko kazini.

Wakati wa kuondoka kanishika mkono kwenye wavu. Kasema, "Mama, usiseme kitu. Mimi nitatoka tu." Kasema anajua ni nani. Kasema mtu wa Kariakoo wa kutupa sisi kitu bure ni mmoja, na ana sababu.

Ana miaka ishirini na mbili. Nani kamfundisha kuwa hivi? Ningejua ningemfundisha ubaya kidogo.

Jumatatu, 4 Julai

Bi Kuruthumu kanikalisha chini. Hakutania leo. Kasema yeye kazika watoto wawili, na kama angeambiwa taja jina moja warudi, angetaja la mama yake mzazi. Kasema isale ni jani, Tarsis ni mtu.

Nikamwambia na Marcelino ni mtu.

Kasema, "Ndiyo. Lakini hukumzaa."

Nimekata shauri. Kesho asubuhi nakwenda. Nitasema Marcelino, nitasema mtaa, nitasema chumba cha nyuma chini ya vyungu. Mungu atanihukumu, nitamwambia na Yeye alikuwa na Mama.

Nimemfulia Tarsis shati la kutokea. Bi Kuruthumu katoa kipande chake cha sabuni alichokificha, sabuni ya kweli, ina povu.

Jumanne, 5 Julai

Naandika hapa uani, nimeinamia jiko.

Nilikuwa nimekwisha vaa. Shati la Tarsis liko kwenye kikapu, limekunjwa. Nafungua mlango wa mbele nitoke, Marcelino huyo, kasimama kizingitini. Kavaa koti na kofia, na joto hili. Viatu vimepigwa rangi. Mkononi ana mfuko mdogo wa safari.

Kasema hodi, shemeji. Kana kwamba huja kila siku.

Nimemkaribisha. Ningefanyaje? Kakaa kwenye kiti cha Gaudens bila kujua kuwa ndicho. Macho yake yamekwenda moja kwa moja kwenye kikapu, kwenye shati, kwenye kitenge changu. Kajua nakwenda wapi. Nimeona kajua. Nami sikuficha.

Hakuuliza. Kasema kalala kwa rafiki yake huko Temeke siku zote hizi, hakusafiri. Kauliza kama kuna chai. Nikasema sukari hakuna. Kasema haidhuru, hata ya bila sukari, kwa muda mrefu hajanywa chai kwa mke wa Gaudens.

Ndiyo maana niko huku uani.

Ule mfuko sijui ni wa nini. Unaweza kuwa wa basi la Moshi, liko hapo jirani, linaondoka asubuhi hii. Ukikimbia unaweka nini humo zaidi ya blanketi? Na ukijipeleka kituoni unaweka nini, si blanketi hilo hilo? Kauweka miguuni, karibu, hajaachia kamba yake.

Nikimwacha anywe chai kisha akapande basi, mwanangu anaoza. Nikimwambia twende wote, nimemfukuza mgeni aliyekuja kwa heshima. Nikimwuliza tu, shemeji unakwenda wapi, basi atanijibu, na nikishajibiwa sitaweza kujifanya sikujua.

Bi Kuruthumu kapita na ndoo, kamwona dirishani, kaniangalia. Kanyoosha kidevu kuelekea mlangoni, yaani nenda kamuulize.

Wamewasha trekta kule Mnazi Mmoja. Asubuhi hivi, magari machache, linasikika mpaka hapa. Wanamalizia uwanja kwa ajili ya keshokutwa. Marcelino naye kalisikia. Namwona kupitia mlango, kageuza kichwa upande ule na kavua kofia, kaiweka juu ya goti.

Maji yamechemka. Yamechemka zamani. Sijanyanyuka.